Lubumbashi–Kinshasa: angani saa mbili, kaunta "saa ni saa"

Ukipima kwenye intaneti, kutoka uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, hadi ule wa N'djili, Kinshasa, ni kama kilomita 1,550, na ndege ya jeti inazimaliza kwa saa mbili na dakika kadhaa. Sibishi. Ubishi wangu ni wa huku chini, kaunta.

Ilikuwa mvua zinaelekea kuisha. Asubuhi kampuni ikatutumia ujumbe kwenye simu: ndege imesogezwa, itaondoka 17:00. Basi, hakuna neno lingine. Mtu yeyote wa Lushi, yaani Lubumbashi, anajua Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, na ofisi kuu ya hawa watu iko Kinshasa. Sasa hiyo 17:00 ni ya nani? Nikamwendea binti wa kaunta, nikauliza kwa heshima zote: "Mama, hii ni saa ya kwetu ao ya Kin?"

Hata macho hakuyaondoa kwenye simu yake. "Papa, saa ni saa."

Saa ni saa! Anauza tiketi za kwenda upande wa pili wa nchi yenye kanda mbili za saa, halafu saa ni saa. Nikarudia swali. Akaniuliza kama sikusoma shule. Mbele ya watu, mimi mwenye wajukuu!

Kando yangu alikaa mama mmoja mzee, kila mara ananiuliza mwanawe amfuate N'djili saa ngapi. Ningemjibu nini? Saa kumi na moja ikafika, kimya. Wakatuita saa kumi na mbili, yaani 17:00 ilikuwa ya Kinshasa. Neno moja tu lingetutosha tangu asubuhi. Binti akatupita akicheka na mwenzake.

Niseme ukweli, ndani ya ndege sina lawama. Rubani aliitua taratibu mpaka yule mama akapiga makofi. Tulipaa kama saa kumi na mbili na robo, tukatua saa ya kule ikiwa moja na nusu. Ukitazama ukutani utadhani tumeruka saa moja tu na kidogo. Barabara ya Lumumba hadi mjini, na ule msongamano, ndiyo ilinichosha kuliko anga lote.

Na tungepita wapi kwingine? Treni hadi Ilebo, kisha boti ya mto Kasai? Kwa umri huu, hapana. Kwa hiyo nyota tatu, kwa ajili ya rubani. Lakini nikikumbuka "hukusoma shule", hapana, moja. Moja inatosha.

Tiketi ya kurudi ninayo: kuondoka 10:00, kufika 13:20. Saa ya wapi, haijaandikwa. Na ni ya kampuni hiyohiyo, maana siku ninayoitaka wengine hawana nafasi.