Jaja aliiita mashine ya posho: feni nilizobadilisha kwenye seva ya nyumbani

Mimi napiga picha na video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) huku Busia upande wa Uganda, na ile maisha ya diski za kubeba mfukoni ilinichosha kabisa, mara imeanguka, mara waya umelegea, mara bibi harusi anapiga simu anataka video ya mwaka juzi na wewe unatafuta kwenye diski sita hukumbuki iko ipi. Nikasema basi, nanunua seva moja ya mtumba nirundike kila kitu humo. Nikaipata Kampala, ya 2U, ile bapa ndefu kama droo ya kabati, bodi yake Supermicro X10SLL-F, prosesa Xeon E3-1220 v3, nafasi nane za diski, nimeweka diski nne za terabaiti 4. Pale dukani waliiwasha kidogo tu, na nje kuna maboda na spika za wauza dawa za panya, nani angesikia feni?

Nyumbani ndio nikajua nimeleta nini. Ukibonyeza tu ile swichi feni tatu zinaruka juu kwa wakati mmoja, nilikuja kusoma baadaye kwenye IPMI, ile sehemu ya bodi inayosimamia na kuonyesha hali ya mashine, ni mizunguko elfu saba na zaidi kwa dakika, halafu zinashuka mpaka elfu tatu na kitu na hapo ndio zinatulia, yaani hiyo ndio inaitwa kutulia. Na si ukubwa wa sauti peke yake, ni ile aina yake, sauti nyembamba ya kulia, inapita mlango, inapita ukuta, inakukuta kitandani. Mama Junior alivumilia, sijui kwa nini. Lakini jaja akaja kutoka kijijini kwa sababu ya kliniki ya macho, tukamlaza chumba kinachopakana na hiyo kitu, asubuhi ananyweshwa chai ananiuliza taratibu kabisa, "Mjukuu wangu, hii mashine ya posho ya jirani hailali?" Nikaona aibu. Jirani hana mashine ya posho.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza ili wewe usilirudie. Niliingia duka moja la spea za kompyuta nikauliza feni ya milimita 80 isiyo na kelele, kijana akanipa tatu zenye taa za rangi, boksi limeandikwa desibeli 18, shilingi 15,000 kila moja, nikatoka nikijiona mjanja. Nikazifunga jioni hiyo hiyo. Kimya! Kimya kabisa, Mama Junior akaingia akauliza kama imeharibika. Nikaanza kuhamisha kazi ya harusi mbili, baada ya saa mbili naangalia joto, diski ya katikati iko 53, prosesa 81. Watengenezaji wa diski za namna hii wanakubali mpaka 60 au 65 hivi lakini mimi diski zenye kazi za watu sipendi zipite 45, huo ni msimamo wangu. Nikazima nikarudisha zile za kelele usiku huo huo nikiwa na tochi mdomoni.

Kumbe desibeli ya kwenye boksi haikwambii kitu ninachohitaji mimi. Feni ina mambo mawili, kiasi cha hewa inachosogeza ikiwa hakuna kizuizi, na nguvu yake ya kusukuma pale hewa inapobanwa. Puliza uji wa moto, unapoa. Sasa weka kitenge mbele ya mdomo upulize tena, utaona. Ndani ya seva ya 2U hewa inavutwa kupita katikati ya diski zilizobanana, kuna nafasi kama ya kidole tu, halafu inatakiwa ifike mpaka kwenye hitisinki ya prosesa (kile chuma cha kunyonya joto) ambayo haina feni yake, inategemea upepo wa feni za mbele tu. Zile za kiwandani ni nene, milimita 38, na nguvu yake ya kusukuma ni kama mara kumi ya feni ya kawaida ya milimita 25 ya desktop. Ndio maana zinalia, kazi yake ni kubwa. Zangu za taa zilikuwa zinazunguka vizuri tu ila hewa ilikuwa inagota pale na kurudi. Tena zilikuwa na waya tatu, hazina ule wa nne wa PWM, yaani wa kuamrisha kasi, kwa hiyo bodi yangu haikuweza kuziongezea wala kuzipunguza.

Hapo nikakaa chini nikasoma. Vitu nilivyoangalia ni hivi: iwe na pini nne, iandikwe nguvu ya kusukuma kwa milimita za maji, ndio kipimo cha msukumo wa hewa, na sio desibeli tu, na beringi yake iwe ile inayozunguka kwenye mafuta sio ya bushi ya kawaida, maana hapa kwetu vumbi la malori yanayopanga foleni ya mpakani linaingia mpaka kwenye sukari. Pia angalia plagi kabla hujatoa pesa, Supermicro wanatumia pini nne za kawaida, lakini HP na Dell nyingi zina mpangilio wao wenyewe, utanunua feni nzuri halafu haiingii, au inaingia na inakataa.

Nikaamua Noctua NF-A8 PWM. Zinafika mizunguko 2,200, milimita 2.37 za maji, desibeli 17.7 zikiwa kasi ya mwisho, na zinakula chini ya wati moja kila moja. Huku karibu sikuzipata, rafiki yangu akanitafutia Nairobi akaziweka kwenye basi la usiku, nikalipia ushuru pale mpakani, jumla kila feni ikanitoka kama 95,000. Ndio, ni bei ya debe zuri la maharage na chenji. Rangi yake ni kahawia na maziwa, Mama Junior anasema chai na mandazi. Ila ndani ya boksi kuna skurubu, vigingi vya mpira vya kuzuia mtetemo, waya wa kugawa feni mbili kwenye plagi moja, waya wa kurefusha, kiwaya cha kupunguza kasi, na dhamana ya miaka sita. Nilikuwa sijawahi kununua feni inayokuja na mahari.

Kufunga sasa. Vile vibebeo vya feni ndani ya seva vimetengenezwa kwa unene wa 38, hizi ni 25, zinabaki milimita 13 feni inacheza ndani kama jino la mtoto. Nikachukua slipasi kuukuu, zile za mpira laini, nikakata vipande kwa wembe nikajaza nyuma na pembeni, zikakaa tii, na mpira wenyewe unameza mtetemo. Halafu kitu ambacho naamini kilisaidia kuliko hata feni zenyewe: kuziba. Hewa ni mvivu, inapita penye njia rahisi, na mimi nilikuwa na nafasi nne za diski ziko wazi, yaani hewa yote inaingia huko inaziacha diski zangu. Nikaziba kwa kadibodi ngumu na gundi ya karatasi, na ule upenyo kati ya feni na ukuta wa keisi nao nikaziba. Diski zilishuka digrii sita kwa kadibodi tu! Feni zile zile, kasi ile ile.

Kwa prosesa nilijua Noctua hazitaweza kuipoza kwa mbali, kwa hiyo ile hitisinki kavu nikaitoa nikaweka kula (cooler, yaani kipozeo chenye feni yake) ya kawaida ya Intel niliyoitoa kwenye desktop iliyokufa, soketi zinaingiliana, na urefu wake unatosha ndani ya 2U. Nikasafisha grisi kavu nikapaka mpya. Hiyo ilikuwa bure.

Nikawasha, nikajua nimemaliza. Wapi! Dakika moja kimya, halafu vuuuum feni zote juu, kisha zinashuka, kimya, sekunde kadhaa, vuuuum tena. Hiyo ni mbaya kuliko kelele ya kudumu, maana kelele ya kudumu unaizoea, hii kila ukitaka kusinzia inakushtua. Nikadhani nimeua bodi. Kumbe bodi haina kosa, inafanya kazi yake: imewekewa kiwango kwamba feni ikishuka chini ya mizunguko fulani, kwangu 500, basi imekufa, haraka piga zote kasi ya mwisho kuokoa mashine. Feni za seva hazishuki huko kamwe. Lakini Noctua hii ikiambiwa itulie inatembea 450 na iko salama kabisa. Bodi inaona 450 inapiga kelele, feni inapanda, bodi inaridhika, inaishusha, inaona tena 450, na mchezo unaendelea hivyo mpaka asubuhi.

Dawa yake ni kushusha hivyo viwango kwa programu ya ipmitool, mstari mmoja tu:

ipmitool sensor thresh FANA lower 100 200 300

Badilisha jina la feni kulingana na plagi uliyotumia. Na hapa kuna jambo ambalo lilinichukua siku mbili kulielewa. Kwenye bodi hizi plagi za FAN1 mpaka FAN4 zinafuata joto la prosesa, FANA iko kundi lingine, na joto la diski halimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Diski zinaweza kuungua na bodi iko raha mustarehe kwa sababu prosesa imelala. Kwa hiyo kula ya prosesa nikaiweka FAN1 ijitegemee, zile tatu za mbele nikazigawa kwa waya zilizokuja nazo zikaingia zote FANA, jumla hazifiki hata robo ya ampea. Halafu nikaandika kaskripti kadogo, yaani kaprogramu kafupi, kila dakika tano kanasoma joto la diski kwa programu ya smartctl, ikiwa chini ya 42 feni ziende nusu, ikizidi zipande. Ili bodi isikubishie weka kwanza hali ya feni kuwa Full (kasi ya mwisho), ndio utume amri yako, la sivyo itarudisha ya kwake.

Sasa matokeo. Diski zinakaa 38 mpaka 41, mchana wa jua kali wakati wa kuhamisha faili kubwa nimeona 46 mara mbili, prosesa 47 ikipumzika na 66 ikifanya kazi. Kelele nilipima kwa simu nikiwa mita moja, zamani desibeli 58 sasa 37, najua app ya simu haiaminiki kwa namba ila simu ni ile ile na sehemu ni ile ile, tofauti ndiyo hiyo. Usiku vyura wa nje wanaishinda. Umeme nao, kwenye soketi ilikuwa inavuta wati 96, sasa 78, na sikutegemea hiyo, maana umeme ukikatika betri ya inveta sasa inanifikisha mbali kidogo kabla sijakimbia kuzima.

Je, ningependekeza? Feni zenyewe ndio, bila kusita, hata kwa bei hiyo. Mpango mzima, inategemea. Kama nafasi zako zote nane zimejaa diski za mizunguko 7,200, au una kadi ya LSI ya kuunganishia diski humo ndani, zile kadi zinachemka na zinahitaji upepo wa kweli, usijaribu hii, vumilia kelele au hamisha seva stoo. Na ningekuwa naanza upya nisingechukua 2U kabisa, ningechukua keisi ya kusimama yenye feni za milimita 120. Feni kubwa inasogeza hewa ile ile ikizunguka polepole, na ukipunguza kasi ya feni nusu kelele inashuka kama desibeli 15, hakuna slipasi wala kadibodi itakayokupa hiyo. Lakini nilikuwa nimeshalipa, na duka la mtumba halirudishi pesa.

Zile feni za taa moja inapoza inveta sasa hivi, mbili Junior alizichukua.

Kilichobaki ni pawa sapulai. Ina kafeni kake kadogo ka milimita 40 ndani, zamani sikujua hata kama kapo kwa sababu ya vurugu ya wale wengine, sasa ndiko peke yake kanasikika, kasauti kembamba ziii usiku ukikaa karibu. Fundi mmoja ameniambia nikapeleke akafungue abadilishe. Nimekataa, ile sanduku inaweka umeme ndani hata baada ya kuchomoa waya, na jaja akija tena tutamlaza chumba cha mbele.