Uzoefu wangu na Historical Thesaurus of English

Kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri mikataba, nimekuwa mtumiaji wa kudumu wa Historical Thesaurus of English, hazina ya visawe ambayo Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kilianza kuiandaa mwaka 1965, ikachapishwa mwaka 2009 katika majuzuu mawili, na ambayo sasa husomwa mtandaoni bila malipo. Programu ya simu niliyoitegemea hapo awali ilinipangia visawe kwa alfabeti kana kwamba vyote vina uzito mmoja. Hazina hii huyakusanya maneno kwa maana, kisha huyapanga kwa umri kuanzia Kiingereza cha Kale, ikionyesha lini neno lilianza kuandikwa na, ikiwa limekufa, lini lilionekana mara ya mwisho.

Mpangilio huo humwezesha msomaji kuona jinsi Kiingereza kilivyojengwa tabaka juu ya tabaka. Katika dhana ya uzuri limo neno wlitig, marehemu wa siku nyingi, na fair, lililodumu ingawa maana yake imehamahama. Beautiful lilifuata karne kadhaa baadaye, shina lake likiwa la Kifaransa, lugha ya Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Kingly, royal na regal, yote yakimaanisha “-a kifalme”, nayo yanasimulia habari hiyohiyo: la kwanza ni la Waanglo-Saksoni, wenyeji waliotekwa na Wanormani hao, la pili la Kifaransa, la tatu la Kilatini, na hakuna mwandishi makini anayeyabadilisha ovyo.

Kwangu faida kubwa iko kwenye jozi za kisheria. Wanasheria wa Uingereza walizoea kuoanisha neno la wenyeji na la wageni, kama goods and chattels (mali zinazohamishika) au will and testament, na nyaraka za Nairobi na Dar es Salaam zimeurithi mtindo huo pamoja na sheria yenyewe. Nikikuta jozi, huchunguza kwanza asili na maana za kila neno: will and testament naiandika wosia tu, kwa kuwa maneno yote mawili yana maana moja, lakini breaking and entering ni vitendo viwili, kuvunja na kuingia, na kukiacha kimoja ni kubadilisha kosa.

Mwanafunzi anayetafuta neno la haraka la insha ataiona nzito mno, hasa kwa kuwa haina mifano ya sentensi. Lakini kwa mtafsiri, au mwandishi wa riwaya anayechelea kumtilia mhusika wa mwaka 1600 neno ambalo halijazaliwa, sijaona inayoizidi.