Rivyu ya kliniki ya sheria ndani ya jela, ile inaendeshwa na wafungwa wenyewe

Watu hapa mnarivyu hoteli na simu na saluni, mimi leo narivyu huduma ambayo hakuna mtu anaomba siku moja aihitaji. Kuna magereza hapa Kenya ambako wafungwa waliosomea sheria wanawaandikia wenzao rufaa, maombi ya bondi, barua za korti, na hawaitishi hata shilingi. Mimi nimeijua kupitia ndugu yangu mdogo na tangu atoke inboksi yangu imejaa maswali, kwa hivyo acha niandike yote mahali pamoja. Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nyingine nitawaambia imeenda wapi.

Kidogo tu kuhusu ilikotoka. Kuna Mwingereza anaitwa Alexander McLean, alienda Uganda akiwa na miaka 18 kujitolea kuhudumia wagonjwa, akaingia jela ya Luzira akaona vile watu wanaishi, 2007 akaanzisha shirika la African Prisons Project, ambalo 2020 lilibadilisha jina likawa Justice Defenders. Mwanzoni walikuwa wakijenga maktaba na zahanati, baadaye ndio wakaingia kwa sheria, na sheria yenyewe si ile ya semina ya siku mbili unapewa cheti na soda. Ni digrii ya Chuo Kikuu cha London, kwa masafa, hao hao wa London ambao wamekuwa wakitoa digrii za masafa tangu 1858 na ambao Mandela alikuwa akisoma sheria kwao akiwa Robben Island. Mfungwa wa Kamiti, wa Naivasha, wa Lang'ata kwa wanawake ama wa Luzira anafanya mtihani ule ule anafanya mtu aliyeko nje anayejilipia karo yake.

Na darasani wanakaa na maafande. Hii nilidhani ni hadithi hadi ndugu yangu akaniapia. Askari jela na mfungwa wanasomea sheria pamoja, wanagombania kitabu kimoja, halafu jioni mmoja anamfungia mwenzake mlango. Ati kuna siku afande alikuwa amekwama na asaimenti ya mikataba akasimama hapo kwa grili anaelezewa na mtu wa kifungo cha maisha.

Sasa yetu. Ndugu yangu alishikwa kwa kesi ya kuvunja duka, bondi ikawekwa laki mbili, na nyumbani laki mbili ni pesa ya kusikia kwa redio, basi akakaa rimandi miaka miwili na miezi mitatu kesi ikiahirishwa, leo shahidi hakuja, kesho faili haionekani, kesho kutwa hakimu amehamishwa. Mwisho akapatikana na hatia, akapigwa miaka saba. Tulichangisha tukampa wakili fulani pesa akate rufaa, na kwa sheria yetu ukishahukumiwa una siku 14 za kupeleka rufaa, huyo wakili akala pesa siku 14 zikapita simu hashiki. Simtaji jina, yeye anajijua.

Ndio ndugu yangu akaambiwa na wenzake seli, wewe nenda kwa wakili. Hivyo ndivyo wanawaita huko ndani, wakili, ingawa wamevaa yunifomu ya mistari kama wengine wote. Akaenda. Huyo kaka hakumuuliza kama aliiba ama hakuiba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulishikwa tarehe ngapi?" Halafu akaomba kuona waranti ya kufungwa, akaisoma mara mbili, akachukua kalamu akaandika pembeni tarehe mbili, ya kushikwa na ya hukumu, akapiga mstari katikati. Akamwambia, hii hukumu imeanza kuhesabiwa siku ya hukumu, ile miaka yako ya rimandi imeenda bure.

Kumbe kuna kifungu, 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kinasema muda mtu aliokaa rimandi lazima uzingatiwe kwenye kifungo chake. Kiko hapo kwa kitabu. Hakimu hakukigusa, wakili wetu wa pesa hakukitaja, na sisi huku nje tulikuwa tunafanya maombi ya usiku kucha. Hebu nipige hesabu muone uzito wake. Miaka saba ukitoa theluthi ya rimisheni, lile punguzo la kifungo kwa mwenye tabia njema, inabaki miaka minne na miezi minane. Ukianza kuhesabu siku ya hukumu, pamoja na ile ya rimandi, mtu anakaa ndani karibu miaka saba yote. Ukianza siku aliyoshikwa, anatoka baada ya hiyo minne na miezi minane. Tofauti ni miaka miwili na ushee ya maisha ya mtu, na ilitegemea mtu mmoja kuuliza tarehe.

Ombi lenyewe niliona kopi yake. Limeandikwa kwa mkono, kalamu ya bluu, karatasi ya fulskapu, marjini imepigwa na rula, namba za aya zimenyooka, hakuna mahali pamefutwa. Hakuna machozi, hakuna "mtukufu jaji nihurumie nina mama mgonjwa". Aya chache tu, alishikwa lini, akahukumiwa lini, sheria inasema nini, anaomba nini. Ndugu yangu alitaka aongeze kwamba alisingiziwa, akakataliwa katakata, akaambiwa hapa tunaomba jaji aangalie hesabu ya kifungo, ukianza kubishana na hatia unachanganya mambo na unamchosha jaji. Chini kidole gumba na muhuri wa jela. Mahakama Kuu ikasikiza kwa vidio link, ndugu yangu yuko ndani jela, jaji yuko kwake, ikaisha haraka kuliko vile nachemsha chai, na amri ikatolewa kifungo kihesabiwe kutoka siku ya kushikwa.

Nilikuja kukutana na huyo kaka siku ya opendei, ile familia zinaruhusiwa kukaa na watu wao. Nikamwambia asante kaka, nikujie na nini siku nyingine, akasema, "Dada, niletee kalamu tu, na hizo fulskapu." Sasa wacha niseme ukweli, huyu mtu yuko ndani kwa mauaji. Alihukumiwa kunyongwa, halafu Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alipobadilisha hukumu za kifo za watu 2,747 kuwa kifungo cha maisha, yake ikawa mojawapo. Nilikaa pale nikiwaza kuna familia mahali inamchukia na ina haki ya kumchukia, na mimi hapa namshukuru. Sijamalizana na hilo wazo mpaka leo. Lakini mnataka rivyu ya kazi yake, na kazi yake ni safi.

Na hiyo mambo ya hukumu ya kifo ndio inaonyesha vile hii kitu ni kubwa kuliko kesi ya ndugu yangu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Muruatetu, ikasema kulazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mauaji bila kusikiza lolote ni kinyume cha katiba. Waliopeleka hiyo kesi walikuwa wafungwa. Baada ya hapo kila mtu kwa jela alitaka ahukumiwe upya, hata wa wizi wa mabavu, hadi Julai 2021 mahakama ikafafanua kwamba uamuzi ulikuwa wa mauaji pekee. Fikiria wewe uko ndani, darasa la nne uliachia njiani, nani atakueleza tofauti ya hiyo na hiyo? Anakueleza mtu mnayelala mabweni jirani.

Uganda ndio walitangulia. Susan Kigula na wenzake 417 walishtaki serikali kuhusu hukumu ya kifo ya lazima, Mahakama ya Juu ikawapa haki Januari 2009. Kesi yenyewe ilisimamiwa na mawakili kamili, lakini huyo mama baada ya hapo akasomea sheria ya London akiwa Luzira, akapata diploma, akatoka 2016. Na hapa kwetu kuna Pete Ouko, alikuwa Kamiti, akapata diploma ya sheria ya London akiwa bado amefungwa, akasamehewa na rais 2016. Hata kabla ya kutoka alikuwa ameshaanzisha ile Crime Si Poa ya kuongea na vijana mitaani wasiingie kwa uhalifu. Kijana wa mtaa ukimletea pasta amwambie uhalifu ni mbaya anapiga miayo. Mletee mtu aliyekaa Kamiti miaka 18.

Kwetu plotini pia nimeiona. Ndugu yangu hajasomea digrii, lakini ukikaa karibu na watu wanaosoma kitu kinakuingia. Juzi polisi wamefanya msako wakabeba vijana, mmoja ni wa mama anayeuza mboga hapo getini. Mama akaanza kutafuta pesa ya kutoa, unajua ile ya "nisaidie nikusaidie". Ndugu yangu akamwambia, mama, bondi ya polisi ni bure, na kama ni dhamana ya pesa taslimu lazima upewe risiti, na wanatakiwa kumpeleka kortini ndani ya saa 24, twende nikusindikize. Wakaenda. Afande wa kituo alipoulizwa risiti alimwangalia huyu jamaa juu chini, halafu kijana akaachiliwa kwa bondi bila kitu kidogo. Sasa huyo mama amemfanya ndugu yangu shujaa, kila mtu akishikwa mlango wetu unabishwa, hata saa sita usiku, na mke wake hajapenda.

Kuna wenye wanasema kusomesha wafungwa ni siasa ya wazungu tu, lakini Marekani wamepima. Utafiti wa 2013 wa shirika la utafiti la RAND ulionyesha mfungwa aliyesoma akiwa ndani uwezekano wake wa kurudi jela ni asilimia 43 chini ya asiyesoma. Na huko ndio kuna wale wafungwa wa Bard Prison Initiative, mpango wa Chuo cha Bard wa kusomesha wafungwa, 2015 timu yao ya midahalo iliishinda Harvard, watu wasio na intaneti wanafanya risachi kwa vitabu vya karatasi. Lakini hao hao Wamarekani walikuwa wamewanyima wafungwa msaada wa karo wa serikali tangu 1994, wakawarudishia kikamilifu 2023, kwa hivyo msidhani wenzetu walizaliwa wakijua.

Haya, lalamiko kubwa, na nimelisikia kwa shangazi yangu mwenyewe: "Mtoto wangu anasaka mkopo wa chuo wa HELB, mwizi anasomeshwa digrii ya London bure?" Inauma, siwezi kuikataa, mimi pia nina mtoto atamaliza fomu foo. Ila pesa hiyo haitoki kwa HELB, ni ya wafadhili wa shirika, kwa hivyo mfungwa akiacha kusoma mtoto wa shangazi hapati hata senti. Na wanaonufaika zaidi hata si hao wanafunzi, maana wengi wao wana vifungo virefu na hawatoki leo wala kesho. Ni hawa wengine kama ndugu yangu, na watoto wao, na mama wa mboga.

Sasa hiyo nyota moja. Kwanza huduma haiko kila mahali. Mtu wako akiwa kwa jela ndogo huko kaunti mbali, huenda hakuna hata mtu mmoja aliyesomea, na huko ndiko rimandi zimejaa watu wa kesi za kuku. Pili, hawa si mawakili wa korti. Wanakuandikia, wanakufundisha cha kusema, lakini kwenye kusimama unasimama mwenyewe, na kama wewe ni mtu wa kutetemeka mbele ya jaji, karatasi nzuri itakusaidia nusu tu. Tatu, foleni. Ndugu yangu alisubiri wiki kadhaa kabla zamu yake ifike, na ombi likishatoka jela linaingia kwa mikono ya rejista za korti, huko nako ni kusubiri na kusubiri tena, prosidingi hazijachapwa, faili iko kwa ofisi nyingine. Hilo si kosa la kliniki lakini utalisikia kwenye mifupa yako.

Ingine ni vile hawa wasomi wanafanyiwa wakitoka. Digrii anayo, lakini kila kazi inaitisha cheti cha good conduct, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, na jina lake huko linajulikana. Kuwa wakili kamili lazima apitie Kenya School of Law na mitihani yake na karo yake. Mtu ametoa wengine jela kwa kalamu yake halafu nje anaambiwa hawezi kuajiriwa hata kufagia ofisi ya wakili. Hapo nchi inajikata mguu.

Kama mtu wako ameingia juzi, fanya hivi. Mwambie aulize afande wa ofisi ya dokumentesheni kama kuna kliniki ama wasaidizi wa sheria hapo, asiongee na kila mtu anayejiita wakili kwa seli maana matapeli pia wamefungwa. Wewe huku nje tafuta kopi ya chaji shiti na ya hukumu, ukienda vizit uulize kwanza getini kama unaruhusiwa kuziacha. Andika tarehe aliyoshikwa, ile kamili, si "kitu kama mwezi wa tatu". Na kama amehukumiwa wiki hii, zile siku 14 zishaanza kuhesabika, usingoje mkutano wa familia wa Jumapili.