Foili na maji kwa kutu ya kromu: uzoefu wangu

Nimetumia foili, ile ile ya kufungia chakula, kutoa kutu kwenye usukani, rimu na madigadi ya mbele ya baiskeli yangu ya zamani, vyote vimepakwa kromu, ile metali ya juu inayong'aa. Imenifaa kuliko krimu ya kung'arishia niliyoanza nayo.

Madigadi ya nyuma nilishaiharibu kabla. Niliisugua kwa sponji ya kijani ya kuoshea sufuria. Kutu ilitoka, lakini nilipoitoa juani nikaona mikwaruzo kama utando wa buibui, na ipo mpaka leo. Iliniuma sana. Baadaye nikaelewa kwamba sponji nyingi za aina ile zina chembe za oksidi ya alumini, ambayo ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 9. Kromu ni 8.5 hivi. Foili ni alumini tupu, haifiki hata 3, ndiyo maana kromu inaihimili.

Tena kromu ya urembo ni nyembamba mno, kwa kawaida haifiki maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, kisha chuma. Kromu yenyewe haifanyi kutu: unyevu hupenya kwenye vitundu vyake, chuma cha chini kikaliwa, kutu ikatokeza juu. Kwa hiyo unachotakiwa kutoa ni kile kilichotokeza tu, huna haja ya kukandamiza.

Kwanza nilisafisha kwa maji ya sabuni, maana punje moja ya mchanga ikinaswa chini ya foili kazi yote inaharibika. Nikachana kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakikunjakunja bila kukibana, nikakichovya majini na kusugua taratibu. Muda si muda ukatoka uji wa kijivu unaoelekea weusi. Nilikuwa naufuta kwa kitambaa laini, nachukua kipande kipya, naendelea. Usiache foili ikauke wakati unasugua. Usukani ulichukua kama dakika 20. Rimu ndizo zilinitoa jasho, hasa pale spoki zinapoingia. Foili haifiki vizuri, nikamalizia kwa mswaki wa zamani. Madoa sugu matatu niliyalowesha kwa siki dakika chache, kisha nikasuuza vizuri na kukausha.

Krimu sikuitupa. Kutu nene ilikuwa imeishinda, ila baada ya foili ilileta mng'ao mzuri sana. Mtu mmoja alinishauri nitumie dawa kali ya kusafishia choo. Tafadhali usithubutu: nyingi zina asidi ya hidrokloriki, na hiyo inakula kromu yenyewe.

Foili haizibi mashimo. Pitisha ukucha polepole; ukikwama, hapo kromu imeshaondoka, na kilichobaki ni kuipeleka ikapakwe upya. Usukani wangu una sehemu mbili za hivyo karibu na shina, na mvua ya kwanza tu ilirudisha wekundu. Nimezikausha vizuri na kuzipaka nta ya gari mara mbili. Mwezi umepita, kumetokeza doa moja la ukubwa wa kichwa cha pini. Kwingine kote kuko safi.

Kama kitu chako ni plastiki iliyopakwa rangi ya kromu, usiiguse kwa foili. Jaribu sumaku kwanza: isiponata, hicho si chuma, na doa unaloliona huenda si kutu.