Nimelipia programu ya kutafuta watu Marekani, ikaniletea watu 14 na mjomba hayumo

Kila nikiongea na mama, salamu zikiisha, swali ni lile lile: "Mwanangu, na mjomba wako bado?" Mjomba ni kaka yake wa pekee. Alikuwa kibarua bandarini Tanga, mwaka 1989 akazamia meli. Barua yake ya mwisho ilifika 1996. Bahasha mama anayo hadi leo, kaifungia kwenye sanduku la kanga, na mhuri wa posta unasomeka Houston, mji wa jimbo la Texas. Mimi naishi Columbus, Ohio, na kwa mama Marekani nzima ni mtaa mmoja. Haelewi nimekaaje huku miaka saba bila kupishana naye sokoni.

Ndiyo maana mwezi wa pili nikapakua moja ya zile programu za simu zinazojinadi kwamba ukiandika jina tu zinakuletea anwani, namba za simu, ndoa, kesi na nyumba za mtu. Sitaitaja jina, maana nilizichungulia tatu na zote ni baba mmoja mama mmoja.

Ukiandika jina yanaanza maigizo. Mstari unajaa taratibu, huku chini maandishi yakibadilika: inapekua mahakama, inapekua polisi, inapekua mitandao. Mara inakuuliza kama uko tayari, kwa sababu utakachokiona kinaweza kukushtua. Nilihesabu karibu dakika sita. Kwa kompyuta za leo kazi hiyo ni ya nukta chache, kwa hiyo dakika nyingine zote ni za kukupandisha roho. Moyo ukishakwenda mbio ndipo unaletwa mlango wa malipo: dola 1 kwa siku 7 za majaribio. Chini yake, kwa herufi za kijivu ambazo mama asingeziona hata kwa miwani, imeandikwa kwamba baada ya hapo ni dola 29.99 kila mwezi. Nikalipa. Ukitaka kuihifadhi ripoti kama faili, ni dola 3.99 nyingine.

Kilichoikwamisha ni jina. Tuseme mjomba anaitwa Hamisi Juma Ali (siyo, ila umbo ni hilo hilo). Sisi tunajua Hamisi ni yeye, Juma ni baba yake, Ali ni babu. Marekani jina la mwisho ndilo la ukoo, kwa hiyo kwenye mashine yeye ni bwana Ali. Sasa mtafute Ali Marekani! Columbus peke yake ina Wasomali wengi kiasi kwamba ukiita Ali sokoni wanageuka nusu ya wateja. Halafu kuna karani aliyemwandika Khamis, mwingine Hamis, mwingine akaona Juma ni jina la kati akalikata likabaki J. Programu ikaniletea watu 14. Wanne walikuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, Januari 1, kwa sababu wakimbizi wengi kutoka Somalia na Kongo ambao hawakuwa na vyeti waliandikiwa siku hiyo. Mashine haijui hilo. Wawili kati yao ilikuwa imewaunganisha wakawa mtu mmoja mwenye anwani Minnesota na Maine kwa mwezi mmoja.

Nikaipima kwa kitu ninachokijua: nikajitafuta mwenyewe. Anwani zangu tatu za zamani zilikuwa sahihi, hilo nakiri, hadi namba ya chumba. Simu ilikuwa ile niliyoiacha 2021. Kwenye orodha ya "ndugu wanaowezekana" wakanipa Mkenya niliyepanga naye, mwenye nyumba wetu, na bibi mmoja wa Georgia ambaye hata sijui tumeshirikiana nini zaidi ya jina. Na juu kabisa, kwa rangi nyekundu: huenda mtu huyu ana rekodi ya jinai. Nilifungua mikono ikitetemeka. Kumbe ni faini ya mwendo kasi, tena ya mtu mwingine mwenye herufi mbili tofauti na zangu. Mtindo huu si mgeni. Septemba 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili za biashara hii zitalipa dola milioni 5.8. Tuhuma mojawapo ilikuwa kuwapigia watu kengele ya "rekodi ya jinai" kumbe ni tiketi ya barabarani.

Hapa nawageukia ndugu zangu wa makundi ya WhatsApp, maana naona watu wanashauriana kuzitumia kumchunguza yaya, au mtu anayekuja kupanga chumba. Ukifungua unalazimishwa kutia tiki kwamba hutazitumia kwa kuajiri, kupangisha wala kukopesha. Ile tiki ina uzito. Sheria ya mwaka 1970 ya taarifa za mikopo, FCRA, inataka kampuni zinazochunguza watu kwa kazi na nyumba zifuate masharti ya usahihi na kumpa mtu haki ya kupinga. Programu hizi zinakwepa masharti hayo kwa kusema wao siyo kampuni ya aina hiyo. Ukimnyima mtu chumba kwa sababu ya ripoti yao, wewe ndiye unabaki na mzigo. Na kwa jinsi nilivyoona mimi nilivyopewa ujinai wa bure, sitamhukumu mtu kwa karatasi ile.

Wanatangaza pia vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Mjomba kama yupo yuko Texas, na Texas cheti cha kuzaliwa kinakuwa wazi kwa umma baada ya miaka 75, cha kifo baada ya miaka 25. Rekodi za leseni za udereva zinabanwa na sheria ya shirikisho ya 1994. Mafaili ya uhamiaji ndiyo kabisa, hayauzwi na programu yoyote. Kwa hiyo kinachobaki ni hati za nyumba, kesi, ndoa na matangazo ya biashara, na hivyo karibu vyote vinakaa kwenye ofisi za kaunti, yaani kama wilaya zetu, ambazo nyingi zina tovuti unayopekua bila kulipa.

Hiyo niliambiwa na mama mmoja wa maktaba ya mtaani kwetu, nilipokwenda kuchapisha ile ripoti ya watu 14. Aliitazama, akacheka kidogo, akaniuliza: "Unajua kaunti?" Houston iko kaunti ya Harris. Akanionyesha tovuti ya karani wa kaunti: leseni za ndoa, hati za ardhi, na majina ya biashara. Halafu tovuti ya wathamini wa majengo, HCAD, unaandika jina la mwenye nyumba na inakuonyesha. Zote bure. Hata kesi za mahakama za shirikisho zina mfumo wao, PACER: senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini kwa miezi mitatu hudaiwi kitu. Lakini huko sikufika.

Kwenye ndoa nilikesha siku mbili nikibadilisha herufi. Khamis, Hamis, Hamisi, Amisi. Hola. Usiku wa tatu nikaacha kumtafuta mjomba, nikajiuliza mtu wa Tanga akifungua biashara Houston ataiitaje. Nikaenda kwenye majina ya biashara nikaandika neno moja: Tanga.

Yakaja machache, mengine ya Walatini, maana Kihispania nacho kina neno hilo kwa maana ambayo siitaji hapa. Moja lilikuwa la kuosha magari, la mwaka 2009, jina la mmiliki ni Juma H. Ali. Walikuwa wamempindua, baba mbele na yeye mwenyewe kabaki herufi. Mashine ingemkuta kwenye meza moja isingemtambua.

Sikupiga simu, ingawa programu ilishanizoesha kudhani kila mtu ana namba ya kupigiwa. Mtu aliyekaa kimya zaidi ya robo karne huenda ana sababu zake. Nikaandika barua ya mkono, nikaweka picha ya ile bahasha ya 1996 na namba yangu, nikaituma kwenye anwani ya hati. Kama hataki, aitupe.

Wakati nasubiri, benki ikanikumbusha deni lingine. Programu nilikuwa nimeifuta kwenye simu siku ya tano, nikijua nimemaliza. Siku ya nane nikakatwa dola 29.99. Kufuta programu siyo kufuta usajili. Kwenye iPhone unaingia Settings, unagusa jina lako, kisha Subscriptions, na ufanye hivyo angalau saa 24 kabla majaribio hayajaisha. Kwa Android ni ndani ya Google Play. Mimi niliomba Apple wanirudishie, wakanirudishia. Ukiwa umelipa kwa kadi moja kwa moja kwenye tovuti yao, jiandae kupiga simu na kuimbiwa punguzo mara tatu kabla hawajakuachia.

Nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili ni za anwani zangu, na kwa mtu anayemtafuta John wa Ohio mwenye jina la ukoo lisilofanana na la mtu huenda inafaa. Kwa majina yetu, hapana. Na mpaka leo wananitumia barua pepe kwamba kuna habari mpya za yule Ali wa Minnesota.

Siku ya 19 simu ikaita, namba inaanza na 713, ya Houston. Sauti ya kizee, Kiswahili cha Tanga hakijapata kutu hata kidogo. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani, kama vile hakusoma barua. Nikamtajia mama. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama bado anakaa Ngamiani.

Waliongea wenyewe Jumamosi, mimi nikiwa nimeunganisha laini na kukaa kimya. Baadaye mjomba alinipigia tena peke yangu. Alitaka kujua nilimpataje. Nilipomweleza habari ya programu alishtuka kidogo, akaniomba nimwangalizie kama na yeye yumo. Nikajaribu kwa Juma H. Yumo, na nyumba aliyohama zamani, na "ndugu" sita asiowajua hata mmoja. Jumapili nzima tulikuwa kwenye simu tukijaza fomu za kuomba aondolewe, kampuni moja baada ya nyingine. Tumefika ya nne.