Uzoefu wangu Oasis Mall, Kampala: wapangaji hubadilika, bonde ni lile lile

Nimekuwa mteja wa Oasis Mall, katika barabara ya Yusuf Lule hapa Kampala, tangu 2009, na ninaipendekeza kwa familia yoyote inayotaka kumaliza manunuzi ya mwezi chini ya paa moja. Hata hivyo, wengi tunaingia na kutoka tukisukuma matoroli bila kujua historia ya mahali tunapokanyaga, ilhali kwa maoni yangu historia hiyo ni sehemu ya thamani yake.

Jengo lipo bondeni, kati ya vilima vya Nakasero na Kololo, jirani na jengo la maduka la Garden City na uwanja wa gofu ambao klabu yake ilianzishwa 1908. Jina la Kampala lenyewe limetokana na kilima cha swala pala, kwa hiyo si vigumu kuwaza wanyama hao wakishuka kunywa maji katika bonde hili, ambako leo unapita mfereji wa Kitante unaopeleka maji yake Nakivubo na hatimaye Ziwa Victoria. Ninawashauri wageni wautilie maanani mfereji huo: mvua kubwa ikinyesha, barabara za bondeni hujaa maji, na mimi mwenyewe niliwahi kusubiri humo ndani karibu saa mbili, mifuko ikiwa mikononi, hadi bodaboda zikaanza tena kupita.

Mpangaji wa kwanza wa ukumbi mkubwa alikuwa Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya ambayo jina lake ni ufupisho wa Nakuru Mattress, kwa kuwa ilianza kwa kuuza magodoro mjini Nakuru. Mimi bado nimehifadhi mfuko wake wenye picha ya tembo, umekunjwa katika droo ya jikoni. Kufikia 2017 kampuni hiyo ilikuwa imelemewa na madeni kwa wasambazaji wake, nao walipoacha kuleta bidhaa, rafu zilibaki wazi na hatimaye maduka yake ya Uganda yakafungwa. Hilo liliniuma kwa ajili ya wauzaji wa humu nchini waliokuwa wamekabidhi maziwa, unga na sabuni kwa ahadi ya kulipwa baadaye, maana deni la kampuni kubwa humwangukia kwanza mtu mdogo.

Haukuwa msiba wa jengo hili peke yake. Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya iliyokuwa jirani hapo Garden City, ilikuwa imefunga maduka yake yote ya Uganda 2015, na Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini iliyoingia nchini 2000, ilitangaza 2021 kwamba inaondoka, maduka yake sita yakachukuliwa na Carrefour, supamaketi yenye jina la Kifaransa. Carrefour hiyo hiyo ndiyo iliyoufungua tena ukumbi wa Oasis mwanzoni mwa 2020.

Shangazi yangu alikuja kutoka Arua kutibiwa macho, nikamleta hapa siku ya Jumamosi asubuhi. Alishika mkono wangu tukapita mlango wa ukaguzi, akasimama mbele ya jokofu za nyama, akauliza, «Mwanangu, lile duka la tembo limehamia wapi?» Nilimweleza kila kitu tukiwa katika foleni ya mikate, mikate yenyewe ikiwa bado moto, na mhudumu kijana aliyekuwa akiipanga akaacha kazi yake kidogo ili asikilize, kwa sababu hakuwahi kuambiwa nani alifanya biashara hapo kabla yao.

Huduma ni safi, lifti humfikisha mzee ghorofa ya juu bila tabu, na maegesho hutosha ukiwahi kabla ya mchana. Ombi langu kwa wenye jengo ni moja tu: wabandike ubao mdogo karibu na lifti, uonyeshe bonde la Kitante lilivyokuwa, na majina ya waliopita katika ukumbi huo pamoja na miaka yao.