Uzoefu wangu na darasa la GRE la Jumamosi, Sinza

GRE ni mtihani wa Kiingereza na hesabu ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuchagua waombaji wa masomo ya uzamili. Nilijiunga na darasa hili baada ya kujipima mwenyewe nyumbani na kupata 147 upande wa lugha, ambao alama zake huanzia 130 hadi 170. Hesabu hazikunisumbua, mimi ni mhasibu. Kilichonikwamisha ni yale maswali ya kujaza nafasi: sentensi ndefu ya Kiingereza, pengo moja, mawili au matatu, na maneno ambayo mengine nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza maishani.

Darasa ni la wiki nane, kila Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, ada shilingi 240,000. Kituo sikitaji jina, kwa sababu kuna jambo limeniudhi na nalieleza sasa hivi ili niliache. Wiki ya kwanza tuliuziwa kijitabu cha fotokopi chenye kurasa nzima za maswali ya vinyume na mlinganisho wa maneno. Maswali ya aina hiyo yaliondolewa kwenye GRE mwaka 2011! Kijitabu hakikujua hata kwamba tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa na sasa huchukua saa moja na dakika 58. Kuna wenzangu waliokesha wakikariri vinyume. Mtu amejinyima nauli na chakula cha mchana ili alipe ada, halafu anauziwa karatasi ya namna hiyo. Si haki.

Aliyeliokoa darasa ni mwalimu wa msamiati, aliyeanza wiki ya pili. Hakuja na orodha ya maneno. Aliandika ubaoni, tena kwa Kiswahili: "Ingawa fundi yule alisifika mtaani kwa ______ wake, gauni aliloleta siku ya harusi lilikuwa na nyuzi zinazoning'inia." Akauliza neno gani liingie. Tukajibu karibu kwa pamoja: umakini, ustadi, uhodari. Akatuuliza tumejuaje, na hakuna majibu ya kuchagua ubaoni. Kaka mmoja wa nyuma akasema, "Ni hiyo ingawa, Mwalimu." Dada mwingine akasema ni nyuzi.

Basi akafuta "ingawa", akaandika "kwa kuwa". Gauni ni lile lile, nyuzi ni zile zile, lakini sasa darasa zima likasema ulipuaji, uzembe. Nyuzi akaziita shahidi, na "ingawa" akaiita usukani. Kila sentensi ya mtihani ina shahidi wake, na mara nyingi ina usukani: kwa Kiingereza ni kina "although", "despite", "far from", au nuktapacha, ambayo mara nyingi hukuonyesha kwamba kinachofuata kinafafanua kilichotangulia. Kazi yako ni kumtafuta shahidi, kutazama usukani umekata upande gani, kisha kuweka neno lako mwenyewe kabla ya kusoma hata jibu moja.

Na neno hilo si lazima liwe la Kiingereza. Kwangu hapo ndipo mlango ulipofunguka. Miaka yote nilikuwa nalazimisha kichwa kifikiri kwa Kiingereza, pengo linabaki tupu, kisha nachagua neno gumu kuliko yote nikidhani ndilo. Sasa neno langu huja kwa Kiswahili, tuseme "ubahili", nami nashuka kwenye majibu nikimtafuta mwenzake.

Penye mapengo mawili au matatu, usianze na la kwanza kwa kuwa tu ni la kwanza. Anza na lile ambalo shahidi wake yuko wazi, mengine yatafuata. Lazima upate yote, maana ukikosa moja hakuna nusu alama.

Aina nyingine hukupa pengo moja na maneno sita, nawe uchague mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ile ile. Hapa niliumia sana. Nilikuwa nachagua "frugal" na "miserly" kwa sababu yote yanahusu mtu asiyetapanya fedha. Mwalimu akaniuliza, "Mwanangu, mama anayebana matumizi ili watoto wasome utamwita bahili?" La kwanza ni sifa, la pili ni lawama. Sentensi ilikuwa inalaumu, kwa hiyo pacha wa "miserly" alikuwa "parsimonious". Tangu siku hiyo kadi zangu za manila, zile ninazosoma kwenye mwendokasi nikielekea Posta, zina alama ya kujumlisha au kutoa pembeni ya kila neno.

Zina pia maana ya pili ya maneno tunayodhani tunayajua tangu sekondari. "Qualify" huweza kuwa kuiwekea kauli mipaka. "Check" ni kuzuia. "Want" ni upungufu. "Sanction" ni kuruhusu, na pia ni kuadhibu, usukani ndio utakaokuambia. Haya yalininyima alama nyingi kuliko maneno magumu, kwa sababu neno gumu unalishuku, hili unaliamini.

Kuhusu muda: sehemu za lugha ni mbili, maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23, ufahamu ukiwemo humo humo. Swali moja la kujaza nafasi lisizidi dakika moja. Kukosea hakupunguzi alama, hivyo usiache swali wazi. Ila ukibahatisha pengo moja lenye majibu matano una nafasi moja kati ya tano, mapengo matatu yenye majibu matatu matatu ni moja kati ya 27. Mimi ya mapengo matatu niliyawekea alama na kuyarudia mwisho, na mtihani unaruhusu hivyo ndani ya sehemu ile ile.

Kompyuta za mazoezi ni chache, na umeme ulikatika Jumamosi mbili. Afadhali ujifanyie nyumbani yale majaribio mawili ya bure ya POWERPREP kutoka ETS, wale wanaotunga mtihani wenyewe, la pili ulibakize hadi wiki ya mwisho.

Nilipata 156. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja nitairudisha wakikichoma kile kijitabu. Ukienda kujiandikisha, uliza kwanza kama mwalimu wa msamiati yupo kwenye zamu yako. Zamu ya mchana hafundishi yeye.